Dawa chungu, mdomo uliofumbwa

Mchana mmoja alikuja dirishani bibi mmoja na mjukuu mgongoni, mtoto ambaye hajatimiza miaka miwili. Nilimwamkia, akaitikia "marahaba" kwa sauti ya mtu aliyekesha, kisha akaniwekea mbele pakiti ya dawa mseto ya malaria. Vidonge vitatu vilikuwa vimeshatumika. "Mwanangu, dawa yenu hii hainyweki," akasema. "Nimembana pua, baba yake mdogo amemshika miguu, tumemlaza chali. Akimeza tu, anarudisha yote."

Mimi ni mfamasia. Kwa miaka mingi nimefanya kazi kati ya wodi ya watoto na dirisha la dawa, huku Kanda ya Ziwa, na maneno ya bibi yule nimeyasikia kwa kina mama, kina baba, mashangazi na dada wa kazi wasio na idadi.

Kabla ya yote nilimrudisha kwa daktari. Mtoto mwenye malaria anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyepata degedege, au anayelala kiasi kwamba haamshiki, shida yake si ladha ya dawa. Huyo ni mgonjwa wa hatari na anahitaji sindano upesi. Tafadhali usisome ushauri wangu huu ukakaa naye nyumbani ukijaribu mbinu. Mjukuu wa bibi hakuwa hivyo. Uji alikuwa anakunywa na ukakaa tumboni. Alichotapika ni dawa peke yake. Daktari akaamua aanze dozi upya, wakarudi kwangu.

Nikamwomba bibi anieleze alivyoiandaa. Alipofika kwenye maji, nikajua kosa liko wapi, na lilikuwa kosa letu sisi watoa dawa. Siku ile vidonge vya watoto vinavyoyeyuka vilikuwa vimeisha, akapewa vile vya kawaida na kuambiwa avivunje, akoroge kwenye maji, ampe kimoja asubuhi na kimoja jioni. Maji kiasi gani? Hakuna aliyemwambia. Kwa hiyo bibi alisaga kidonge akakitia kwenye nusu kikombe cha bati. Uchungu ambao ungekwisha kwa mafunda mawili ukageuka nusu kikombe kizima, tena mtoto akiwa amelazwa chali na pua imebanwa. Kwa kidonge kile zinatosha mililita 10 za maji, yaani vijiko viwili vidogo vya dawa.

Wapo watakaosema mtoto yule alidekezwa. Mimi huwauliza kina mama swali moja: ulimwachishaje ziwa? Wengi hunijibu wakicheka kwamba walipaka shubiri kwenye chuchu. Mtoto alionja mara moja au mbili, akalia, akaliacha ziwa alilolipenda kuliko kitu chochote duniani. Basi ulimi uleule uliotii shubiri ndio unaokataa dawa. Mimea mingi yenye sumu ni michungu, na mwili wa binadamu umeumbwa na vipokezi vya ladha chungu vya aina 25 hivi, ilhali kwa utamu unatumia kipokezi cha aina moja tu. Hata mtoto wa siku moja akiguswa na kitu kichungu hukunja uso. Isitoshe watoto hawalingani. Wapo waliorithi ulimi unaohisi uchungu kwa ukali zaidi, kwa hiyo dawa aliyoinywa kaka yake bila shida, yeye inaweza kumshinda kabisa. Anapofumba mdomo hana kiburi. Mwili unamwambia ateme.

Ndiyo maana sikubaliani kabisa na kubana pua. Najua wengi tulilelewa hivyo, na najua anayefanya hivyo anafanya kwa mapenzi na hofu. Lakini kooni njia ya chakula na njia ya hewa hupishana. Mtoto aliyebanwa pua lazima avute hewa kwa mdomo, na aliyelia huvuta kwa nguvu. Mdomoni mna dawa, kwa hiyo dawa inaweza kufuata hewa hadi mapafuni. Ukimlaza chali hatari inazidi. Hata asipopaliwa, amejifunza kuogopa, na dozi ya pili itakuwa vita kuliko ya kwanza. Dawa mseto ina dozi sita kwa siku tatu. Huwezi kushinda vita sita.

Ninachofundisha ni hiki. Mkalishe mtoto mapajani, mgongo wake ukiegemea kifua chako, kichwa kimeinuka. Mkono wake mmoja upite nyuma ya kiuno chako, mwingine uushike wewe kwa upole. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano yake. Lile la mililita 5 linafaa sana, na hapa dirishani tunalitoa ukiliomba. Ncha ya bomba usiielekeze kooni wala usidondoshee dawa katikati ya ulimi. Ipitishe pembeni, kati ya shavu na fizi, sukuma kidogo, kama mililita moja, kisha ngoja ameze. Ukimwona amemeza, sukuma tena. Pembeni dawa haitandai sana juu ya ulimi, na funda dogo mtoto hulimeza kabla hajajua atalitema vipi. Mililita 10 zinakwisha kwa dakika tatu nne. Ukisukuma zote kwa mpigo, atapaliwa au atatema.

Bomba lina faida nyingine: linapima. Kijiko cha chai cha nyumbani mwako na cha jirani havilingani, na kwa mtoto wa kilo 8 tofauti hiyo ni kubwa. Ila kile kifuniko kidogo cha ncha, kama kipo, kitoe na ukitupe kabla ya kuvuta dawa. Watoto wamewahi kukabwa nacho.

Baridi nayo inasaidia. Ulimi uliopoa hauhisi uchungu sawasawa. Mtoto wa miaka minne mitano mpe alambe barafu ya mfuko, zile zinazouzwa nje ya shule, dakika moja kabla ya dawa, na tena baada ya dawa. Siagi ya karanga kidogo ikipakwa kwenye ulimi hufunika ladha vizuri (ile laini, siyo karanga nzima, maana karanga nzima humkaba mtoto mdogo, na kama karanga humdhuru usiiguse). Asali nayo ni nzuri, lakini mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja usimpe asali hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kuvishinda, na sumu yake hulegeza misuli hadi ya kupumua.

Sasa kuchanganya na chakula. Hapa ndipo maswali yanapokuwa mengi, na jibu langu la kwanza ni moja: kijiko kimoja, siyo bakuli. Ukitia dawa kwenye bakuli la uji, akaacha nusu, amepata nusu dozi na wewe hujui. Tena anaweza kuuchukia uji wenyewe, na mtoto mgonjwa asiyekula uji ni tatizo la pili ulilojitafutia. Chukua kijiko kimoja cha uji mzito au ndizi iliyopondwa, changanya, alimalize, kisha aendelee na uji wake msafi. Mtoto anayenyonya tu, dawa ikoroge kwenye maziwa yako uliyokamua, kidogo, kwenye kikombe.

Lakini si kila dawa inakubali kila chakula. Dawa mseto hupenda mafuta. Sehemu yake moja haiingii vizuri mwilini bila mafuta, kwa hiyo maziwa, au uji uliotiwa maziwa au karanga, ni sehemu ya tiba yenyewe. Siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, ni kinyume chake: madini ya maziwa huikamata tumboni isiingie kwenye damu. Klarithromaisini ya maji ya watoto, nayo ya kuua bakteria, imefunikwa chembe kwa chembe ili uchungu usitoke. Ukiichanganya na juisi kali ya machungwa au ukwaju, kile kifuniko huyeyuka na uchungu wote hutoka mdomoni. Na vipo vidonge vilivyofunikwa makusudi ili visiharibiwe na tindikali ya tumbo, au vitoe dawa polepole. Ukivisaga umeviharibu. Kwa hiyo kabla hujasaga kidonge chochote, uliza dirishani. Swali hilo halimchoshi mfamasia anayejua kazi yake.

Na dawa za unga zinazochanganywa na maji: tikisa chupa kila mara kabla ya kupima. Isipotikiswa dawa hutuama chini. Dozi za mwanzo zinakuwa maji matupu, za mwisho zinakuwa kali na chungu, mama anasema "mbona sasa ndiyo anaikataa?"

Natamani wazazi wajue jambo moja: uchungu wa dawa si amri ya Mungu. Kwa miaka mingi watoto walipewa dawa za watu wazima zilizokatwa vipande. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu za watoto mwaka 2007 tu. Mwaka 2009 ikaja dawa mseto ya kuyeyuka kwenye maji, yenye ladha ya cheri. Desemba 2015 zikatoka dawa za kifua kikuu za watoto, zinazoyeyuka na zenye ladha ya matunda, na Kenya ikawa nchi ya kwanza kuzitumia nchi nzima, mwaka 2016. Kabla ya hapo mzazi alikuwa anasaga na kukatakata vidonge kila siku kwa miezi sita, akikisia.

Wanaonigusa zaidi ni watoto wanaoishi na VVU. Wengi wao walikuwa wakipewa dawa ya maji ya lopinaviri na ritonaviri. Nimewahi kuionja. Ni chungu, inaunguza, na karibu asilimia 42 yake ni pombe. Kabla ya kutolewa dirishani ilihitaji jokofu. Mtoto wa miaka mitatu alitakiwa ainywe asubuhi na jioni, kila siku, bila mwisho. Nimeona mama akilia nje ya kliniki kwa sababu mtoto alikuwa anakimbilia chini ya kitanda akisikia chupa inafunguliwa. Novemba 2020 kidonge cha dolutegraviri cha kuyeyuka, chenye ladha ya stroberi, kilipata kibali cha mwanzo Marekani kwa ajili ya nchi kama zetu. Kinanyweka mara moja kwa siku kwa maji kidogo. Tulipoanza kukitoa, kwenye kliniki ya watoto kelele zilipungua, na hilo nililisikia kwa masikio yangu.

Prazikwanteli, dawa ya kichocho ambayo watoto wa kandokando ya Ziwa Victoria wanaijua, ina kisa cha aina yake. Kidonge ni kikubwa na ni kichungu mno. Molekuli yake ina sura mbili, kama mkono wa kulia na wa kushoto. Sura moja ndiyo inayoua minyoo. Ya pili haifanyi kazi hiyo, na ndiyo yenye uchungu zaidi. Kwa hiyo watafiti wakaitoa ile isiyo na kazi, wakatengeneza kidonge kidogo kinachoyeyuka, cha watoto kuanzia miezi mitatu hadi miaka sita, umri uliokuwa ukiachwa nje ya kampeni za mashuleni. Majaribio yake ya mwisho yalihusisha watoto wa Kenya na Côte d'Ivoire, wakala wa dawa wa Ulaya ukatoa maoni ya kuikubali Desemba 2023, na mwaka 2025 Uganda wakaanza kuwapa watoto wao. Nangojea siku nitakayoishika mkononi hapa Mwanza.

Turudi nyumbani kwako. Usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi. Asubuhi itakusaidia, jioni ataipanda kabati aitafute, na vidonge vya madini ya chuma au parasetamoli tamu ya maji vinaweza kumuua mtoto aliyevila au kuinywa kama pipi. Mwambie kweli: "Ni chungu, itapita haraka, halafu utakunywa maziwa." Anayeweza kuongea mpe nafasi ya kuchagua kitu kidogo: kwa bomba au kwa kikombe, mapajani kwa mama au kwa baba. Kunywa au kutokunywa siyo sehemu ya uchaguzi. Akimaliza msifu, hata kama amelia. Kulia si kosa.

Akitapika, tazama saa. Kwa dawa mseto, akitapika ndani ya saa moja rudia dozi nzima, na urudi kituoni kuchukua cha kufidia ili pakiti isipungukiwe. Akitapika baada ya hapo, usirudie. Akitapika dozi mbili mfululizo, mlete. Kwa dawa nyingine uliza kwanza, maana zipo zisizorudiwa kiholela.

Bibi yule nilimpa bomba, nikasaga kidonge mbele yake, nikapima mililita 10. Mtoto alikuwa ameshakunywa uji wa maziwa robo kikombe kutoka kwenye chupa ya chai ya jirani wa benchi. Funda la kwanza alilitema nusu, tukaikusanya dawa kidevuni na kumrudishia kwa bomba. La pili akakunja uso, akameza. Kufikia la saba alikuwa anashika bomba mwenyewe anataka kulisukuma. Ilikuwa saa nane mchana, kwa hiyo dozi ya pili nikamwandikia bibi saa nne usiku, na baada ya hapo asubuhi na jioni. Kisha nikamwomba akae kwenye benchi saa nzima ili tuone kama itakaa. Alikaa, viatu amevivua. Kila nilipochungulia dirishani mtoto alikuwa anamlisha bibi yake kipande cha chapati.