Mti wa pipali hautoi oksijeni usiku

Nchini India husemwa kwamba pipali, ndugu wa mkuyu anayeheshimiwa na Wahindu na Wabudha, hutoa oksijeni saa 24, na kwamba mwenye pumu akilala chini yake atapata nafuu. Sivyo.

Mmea hutengeneza oksijeni kwa nguvu ya mwanga. Jua likizama, kazi hiyo husimama. Pipali hubaki ukipumua kama sisi, ukitumia oksijeni na kutoa hewa ya ukaa. Ipo mimea, kama mananasi na dungusi kakati, inayofungua vitundu vya majani usiku. Lakini hivyo ni vya kuingiza hewa ya ukaa na kuihifadhi. Oksijeni yenyewe hutengenezwa mchana. (Wanaoogopa kwamba mti utawamalizia hewa usiku nao watulie: kiasi unachotumia ni kidogo mno.)

Heshima ya mti huu haikutokana na oksijeni. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, mungu Krishna anasema kwamba kati ya miti yote, yeye ni pipali. Na waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, waliuthamini kwa sababu nyingine: maji yaliyochemshiwa magome yake, pamoja na ya miti mingine minne, husafishia vidonda. Magome hayo yana tanini, inayokaza ngozi na kupunguza majimaji, kwa hiyo matumizi hayo yana mantiki. Pumu pia imo katika orodha yao ya maradhi, ila dawa ilikuwa ya kunywa. Hata hivyo, haijathibitishwa vya kutosha kumfanya mgonjwa aache kipulizio chake.