Karani wa kituo cha kura: yasemwayo barazani na yalivyo

Tangazo la kazi za vituoni likishabandikwa, kila baraza hapa Wete, Pemba, huwa na lake la kusema. Mimi nimewahi kukaa kwenye ile meza, ndani ya darasa la skuli, rula mkononi, nikitafuta majina kwenye daftari tangu asubuhi. Naandika haya kwa ajili ya vijana wetu ambao wazee wao wanawakataza wasiombe.

Linalosemwa zaidi ni kwamba karani ni mtu wa chama. Kwa neno hilo jirani yangu mmoja aliacha kunijibu salamu wiki nzima. Lakini hujagusa hata karatasi moja kabla ya kula kiapo cha kutunza siri, na sisi tuliokuwa upande wa Tume ya Taifa ya Uchaguzi tulitakiwa pia kutamka kuwa si wanachama wa chama chochote, au tumejitoa. Watu wa vyama wamo chumbani, ila hao ni mawakala, na kazi yao ni kukutazama wewe. Mbele ya macho yao sanduku huonyeshwa kuwa ni tupu, hufungwa kwa lakiri, na jioni kura humwagwa na kuhesabiwa. Wakala makini ni rehema kwa karani mwaminifu.

Wapo wanaodhani ni kazi ya bure, wapo wanaodhani ina utajiri. Kuna mafunzo na kuna posho, basi.

Dhana iliyonisumbua moyo zaidi ni ile ya kwamba karani akikujua atakusaidia kupiga kura. Alikuja bibi mmoja wa mtaani kwetu, amejitanda kanga mpaka kichwani, macho yameingia ukungu. Akanishika mkono: "Mwanangu, niwekee wewe alama, mimi sioni, nawe nakujua tangu unazaliwa." Kumwambia hapana mtu aliyekubeba mgongoni ni jambo zito kwetu, linafanana na utovu wa adabu. Nikamwambia, "Bibi yangu, mimi siruhusiwi, wala msimamizi, wala wakala. Njoo na unayemwamini." Mjukuu wake alikuwa mlangoni. Wakaingia naye kwenye kituturi, wakatoka, akanipa kidole nikakitia wino. Hakukasirika. Aliniambia tu, "Kumbe ndivyo," akenda zake. Asiyeona vizuri ana haki ya kuja na mtu wake, na wazee, wagonjwa, waja wazito na wanaonyonyesha hawapangi foleni.

Halafu kuna suala la "Tume". Watu huitaja kama ni moja, na lawama wakazitupa popote. Zanzibar tuna mbili. ZEC, yaani Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, inasimamia kura ya Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Tume ya Taifa inasimamia ya Rais wa Muungano na Mbunge. Kura tano kwa mtu mmoja! Ndiyo maana foleni huenda polepole, na ndiyo maana anayetaka kazi hii aulize anaomba kwa nani. Na ile saa 10:00 jioni haimfukuzi mtu: aliyekwishafika kwenye foleni atapiga kura hata jua likizama.

"Kura moja itafanya nini?" Anayesema hivi Pemba amesahau historia ya kisiwa chake. Januari 1961, kiti cha Chake Chake kilichukuliwa na chama cha ASP kwa tofauti ya kura moja. Wajumbe watatu wa chama kidogo cha ZPPP walipogawanyika, mmoja kwa ASP na wawili kwa wapinzani wao wa ZNP, Baraza likawa 11 kwa 11, serikali ikashindikana kuundwa, na Juni mwaka ule ule watu wakarudi vituoni. Karani wa siku ile aliyehesabu taratibu, karatasi moja moja, alikuwa ameshika nchi mkononi.

Hofu ya wazee siidharau. Pemba inaikumbuka Januari 27, 2001, waandamanaji walipopigwa risasi baada ya uchaguzi, na waliozika siku zile bado wako nasi. Wengine wataniuliza kuhusu 2015: vituo vilihesabu, fomu zikajazwa, kisha Oktoba 28 uchaguzi wa Zanzibar ukafutwa na kurudiwa Machi 20, 2016. Ni kweli, na iliwauma waliofanya kazi usiku kucha. Karani hana mamlaka juu ya yanayoamuliwa na wakubwa wake. Alichonacho ni chumba kile kimoja na fomu ile moja, na hiyo ndiyo inayotakiwa iwe safi.

Usiku wetu ulikwisha kwa fomu kubandikwa nje, kwenye ukuta wa darasa. Watu wakaja na mwanga wa simu, wakasoma, wakaandika tarakimu kwenye viganja. Yule jirani alikuwamo. Aliangalia ukuta, akaniangalia mimi, akasema, "Pole na kazi."