Amos Alonzo Stagg, Kocha Aliyepewa Cheo cha Uprofesa

Kila ninapofundisha historia ya futiboli ya Kimarekani huanza na Amos Alonzo Stagg, kwa kuwa ndiye, kwa maoni yangu, aliyefanya ukocha uhesabiwe kuwa ualimu.

Alizaliwa mwaka 1862 huko West Orange, New Jersey, akaenda Chuo Kikuu cha Yale kwa nia ya kuwa mchungaji, lakini kuhubiri hakukumjia kirahisi, akaamua kuwalea vijana kwa njia ya michezo. Huko huko Yale, mwaka 1889, alikunja godoro likawa kama gogo, akalitundika, ili wachezaji wajifunze kumvaa mpinzani na kumwangusha pasipo kuumizana wao kwa wao. Kifaa cha namna hiyo kingali kinatumika mazoezini.

Mwaka 1892 William Rainey Harper, aliyekuwa mwalimu wake Yale na sasa rais wa Chuo Kikuu kipya cha Chicago, alimkabidhi idara ya mazoezi ya mwili, pamoja na cheo cha uprofesa na ajira ya kudumu. Zama zile timu nyingi za vyuo zilikuwa mikononi mwa manahodha au wahitimu waliokuja kwa msimu mmoja tu, hivyo kocha kukaa meza moja na wahadhiri lilikuwa jambo geni kabisa. Msimu huo wa kwanza wachezaji walikuwa wachache, hata Stagg mwenyewe akaingia uwanjani kucheza.

Mchezo ninaoupenda kuusimulia ni ule wa Novemba 30, 1905, dhidi ya Chuo Kikuu cha Michigan chini ya kocha Fielding Yost, timu iliyokuwa imecheza mara 56 bila kushindwa. Walter Eckersall wa Chicago aliupiga mpira ukaenda mbali. Denny Clark wa Michigan akaudaka, akajaribu kukimbia nao, akasukumwa na kuangushwa nyuma ya mstari wa goli lake mwenyewe, kosa linalowapa wapinzani alama mbili. Chicago ilishinda 2 kwa 0.

Alipotimiza miaka 70 chuo kilimstaafisha. Alikataa kazi nyingine aliyopewa hapo, kwani alitaka kufundisha, akahamia College of the Pacific kule Stockton, California. Mwaka 1943, akiwa na miaka 81, makocha wenzake walimchagua kuwa kocha bora wa mwaka, na hata alipopita miaka 90 aliendelea kuwafundisha vijana wa Stockton kupiga mpira kwa mguu. Alifariki mjini humo mwaka 1965, akiwa na miaka 102.