Paa la tangi likishuka, mafuta hayajaibiwa

Kila masika simu zinazotufikia sisi wadhibiti wa sekta ya mafuta huongezeka. Wakazi wa jirani na depo za mafuta wanaona paa la tangi limezama ndani ya kuta zake, wanapiga picha kutoka ghorofani na kuandika kwamba mafuta yamechotwa usiku, au kwamba tangi limeachwa wazi linyeshewe. Tunashukuru kwa kuwa macho. Lakini jambo hili tumelieleza mara nyingi sasa: paa hilo limejengwa lielee.

Petroli hutoa mvuke hata ikiwa imetulia, na joto la pwani huuzidisha. Ukiacha nafasi kati ya mafuta na paa, mvuke huchanganyika humo na hewa, na hapo cheche moja yatosha. Paa linaloelea hulala juu ya mafuta yenyewe. Meli ikishusha, linapanda. Malori yakipakia, linashuka. Dizeli haina mvuke mwingi hivyo, ndiyo maana matangi yake kwa kawaida huwa na paa lisilosogea. Na matangi mengi ya petroli yana mapaa yote mawili, lile linaloelea likiwa ndani msikoliona.

Kinachotunyima usingizi ni maji ya mvua yanayokusanyika juu ya paa. Juni 2001, huko Norco, Louisiana, Marekani, mvua za dhoruba Allison zilizamisha paa la tangi la petroli lenye kipenyo cha mita 82, kisha radi ikaliwasha. Kwa hatari ya aina hiyo, API 650, kiwango cha ujenzi wa matangi cha Taasisi ya Petroli ya Marekani, kinataka paa linaloelea lisilofunikwa liendelee kuelea hata ikinyesha milimita 250 kwa saa 24 huku bomba kuu la kutolea maji limeziba.

Usanifu huo haumwondolei mwendeshaji wajibu. Vali ya kutolea maji ya paa ifunguliwe mtu akiwa amesimama pale pale, kwa sababu bomba lililo ndani ya tangi likitoboka, kitakachotoka ni petroli. Aliyeifungua, saa ya kufungua na saa ya kufunga viandikwe kitabuni. Maji yapite kwenye mtego wa mafuta kabla ya kufika mtaroni. Kila pontuni, yaani chumba cha hewa kilichofungwa kinacholifanya paa lielee, ifunguliwe na kupimwa gesi. Kipimo kikionyesha mvuke, pontuni hiyo inavuja na itengenezwe. Hakuna anayeshuka juu ya paa bila kibali cha maandishi. Mafuta yakipungua hadi paa likasimama kwenye miguu yake, mafuta yaingizwe kwa kasi isiyozidi mita 1 kwa sekunde hadi lielee. Kitabu kisichojazwa tunakihesabu kama kazi isiyofanyika, na leseni inaweza kusimamishwa au kufutwa. Kusema "mvua ilikuwa kubwa" hakukubaliki kuwa utetezi.

Kwa wananchi, ombi ni moja. Msichote chochote kwenye mitaro inayotoka depo, hata kikinuka petroli na hata kama jirani ameshajaza dumu. Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, watu zaidi ya 100 walifariki kutokana na moto wa lori lililopinduka, wengi wao wakichota mafuta. Mkiona maji ya mtaro yana utando wa mafuta, zimeni moto wa jikoni ulio karibu, waondoeni watoto, kisha pigeni 114, Zimamoto. Picha inaweza kusubiri.