Je, wajua kwa nini kete maradufu si pesa maradufu?

Tuseme marafiki kumi wamekutana Jumamosi jioni kucheza poka, mchezo wa karata wa kuwekeana dau kwa kete. Kila mmoja ametoa shilingi 10,000 na kupewa kete 1,000. Anayeishiwa kete anatoka, na dau la lazima, lile linalotolewa kwa zamu kabla ya karata kugawiwa, linapanda kila baada ya muda ili mchezo usikeshe. Shilingi 100,000 zilizokusanywa zitagawiwa watu watatu: wa kwanza 50,000, wa pili 30,000, wa tatu 20,000. Usiku umesonga, wamebaki wanne, na kila mmoja ana kete 2,500. Je, mmoja akimmaliza mwenzake na kufikisha kete 5,000, thamani ya alichonacho imepanda kiasi gani?

Jibu linalokuja haraka ni kwamba imepanda mara mbili. Jibu hilo limewatoa mezani wachezaji wengi wazuri, na linatokana na poka ya aina nyingine, ile ya pesa taslimu. Huko kete ya shilingi mia ni shilingi mia: ukichoka unainuka, unabadilisha, unakwenda zako. Kwenye mashindano kama haya ya marafiki hakuna kubadilisha. Kete inakupa haki moja tu, ya kuendelea kucheza.

Tazama mwisho wa mchezo wenyewe. Bingwa anamaliza akiwa na kete zote 10,000, lakini analipwa shilingi 50,000. Nusu nyingine ya pesa inachukuliwa na wa pili na wa tatu, watu ambao wametoka bila hata kete moja. Pesa hiyo hawakulipwa kwa kukusanya kete. Wamelipwa kwa kuwa walichelewa kutoka. Kwa hiyo kete zako za mwanzo, zinazokuweka hai, zina thamani kubwa kuliko zile unazoongeza juu yake, na kadiri rundo linavyokua ndivyo thamani inayoongezwa na kila kete mpya inavyopungua. Watu wanaona hesabu hii kama ujanja wa wachezaji waoga, kumbe imo ndani ya mgawanyo wa zawadi tangu kabla karata ya kwanza haijagawiwa.

Kiasi chenyewe kinapatikanaje? Chukulia kila kete kuwa tiketi ya bahati nasibu iliyotiwa mfukoni. Unachomoa tiketi moja. Mwenyewe ni wa kwanza. Kisha unaondoa tiketi zake zote zilizobaki na kuchomoa tena; huyo ni wa pili. Unaendelea hivyo hadi zawadi ziishe. Njia hii David Harville aliieleza mwaka 1973 akikokotoa nafasi za farasi kwenye mbio, na mwaka 1987 Mason Malmuth akaileta kwenye poka.

Sasa turudi kwenye meza yetu. Wanne wakiwa sawa, kila mmoja ana thamani ya shilingi 25,000. Baada ya pambano, mfuko una tiketi 5,000 za mshindi na 2,500 za kila mmoja wa wale wawili waliokaa pembeni. Nafasi ya mshindi kuwa wa kwanza ni nusu, kuwa wa pili ni theluthi moja, kuwa wa tatu ni moja ya sita. Ukizidisha kwa zawadi na kujumlisha unapata takriban shilingi 38,333. Kete zimeongezeka mara mbili. Thamani imepanda kwa 13,333 tu. Aliyeshindwa amepoteza 25,000 nzima.

Tofauti hiyo ya karibu 11,667 imekwenda kwa wawili ambao hawakugusa karata. Kila mmoja amepanda kutoka 25,000 hadi 30,833 kwa kutazama tu! Kwangu mimi hakuna jambo zuri kuliko hili katika mchezo mzima: watu wawili wanapambana, na sehemu ya dau inamwagikia majirani.

Athari yake kwenye uamuzi ni kubwa. Mwenzako akisukuma kete zake zote katikati, ili kumkubalia kusikutie hasara unahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 65 hivi, wala si 50. Una jozi ya kumi, naye kwa kiburi anakufunulia ree na mfalme. Wewe ndiye unayeongoza, lakini kwa asilimia 54 hadi 57 tu. Kwa hesabu hii, karata hizo unazitupa, huku ukijua kwamba uko mbele.

Zawadi ikiwa ya mtu mmoja, mambo yanageuka: kete mara mbili zinakuwa kweli thamani mara mbili. Ndivyo yalivyokuwa mashindano makuu ya dunia ya poka kule Las Vegas kwa miaka kadhaa, bingwa akibeba chote. Mwaka 1978 zawadi ikaanza kugawiwa watano wa juu, na Bobby Baldwin akachukua dola 210,000, nusu ya kapu.

Kwa marafiki, hesabu hii inahitajika zaidi saa nane za usiku, watatu waliobaki wanapotaka kugawana waende kulala. Mmoja ana kete 7,000, mwingine 2,000, wa mwisho 1,000. Pendekezo la kwanza huwa kugawana kwa uwiano wa kete, na linasikika kama haki. Lifuate: mwenye 7,000 atalipwa shilingi 70,000, wakati angeshinda kila kitu angepata 50,000. Mwenye 1,000 atapewa 10,000, wakati hata akitoka sasa hivi ana 20,000 zake. Njia ya tiketi inatoa takriban 43,528, 30,889 na 25,583.

Ila tiketi zinadhani wachezaji wote wana uwezo sawa, na hazijui nani anafuata kulipa dau la lazima. Kama dau hilo limefika kete 800 na zamu ni ya mwenye 1,000, thamani yake halisi iko chini ya hiyo 25,583, na wenzake wana haki ya kumwambia hivyo kabla ya kugawana.