Yakhe, luva haizuii mvua kwa kuinama tu

Juzi tena, chumba cha jenereta huko Nyali. Msimamizi wa jengo ananionyesha sakafu iliyolowa chini ya luva, yaani vile vibao vilivyopangwa kwenye tundu la ukutani la kupitishia hewa: "Fundi, laza hivyo vibao zaidi," yaani niviinamishe vikaribie kufungana. Ni wa nne tangu masika yaanze, na wote dawa yao ni hiyo hiyo.

Kulaza kibao kunazuia mvua inayoanguka wima. Sasa mwezi wa tano, upepo wa kusi ukivuma, nani ameiona hapa Mombasa mvua ya wima?

Kazi yenyewe huanza tone likishagonga kibao. Mengine hupasuka, vumbi lake la maji likapeperushwa ndani. Yaliyobaki huteremka hadi ukingoni na kudondoka mbele ya uwazi wa chini yake, kisha wa chini tena, maji yakizidi kila hatua. Nililala sakafuni na tochi nikitazama uwazi wa mwisho. Matone yalikuwa yakishuka sawasawa, pazia zuri tu. Stima ikapotea, jenereta ikawaka, feni ya rejeta, ile inayopoza injini, ikaanza kuvuta hewa kupitia luva. Yale matone yalipinda njiani na kunipiga usoni. Jenereta ilipozimwa, yakarudi kushuka wima. Vibao havikusogea hata nywele moja!

Sasa ukivilaza zaidi, uwazi unabana. Feni bado inataka hewa ile ile, kwa hiyo hewa inapita kwa kasi zaidi na kubeba maji mengi zaidi. Umelipa fundi akuletee mvua ndani.

Kinachosaidia ni luva kubwa ili hewa ipite polepole, vibao vyenye mlizamu ukingoni unaopeleka maji pembeni yashuke ndani ya fremu, na kizingiti kinachoyamwaga nje. Wavu wa wadudu weka nyuma, na uusafishe.

Kuna atakayenitajia madirisha ya vibao ya Mji wa Kale. Mazuri, nayapenda. Lakini yamejificha ndani ya kuta nene za matumbawe, mengine chini ya roshani, na hakuna aliyefunga feni ya jenereta nyuma yake.

Muuzaji naye atakwambia luva yake ni daraja A, yaani inazuia asilimia 99 ya mvua au zaidi. Muulize: kwa kasi gani ya hewa? Kipimo cha Ulaya hutumia upepo wa mita 13 kwa sekunde na mvua ya milimita 75 kwa saa, na luva ile ile huweza kushuka daraja kadiri feni inavyovuta zaidi. Isitoshe, upepo wa maabara huvuma sawasawa, haushtui. Wa kwetu huja kwa vishindo. Nimefunga za daraja A mara kadhaa, na bado siruhusu swichibodi iwekwe karibu nazo.

Msimamizi amekubali tupanue tundu la ukutani. Jana kapiga simu: hivyo vibao vipya, vitalala zaidi?