Kihariri kikijifunga ghafla, anza na kichanganuzi

Unafungua faili ya Lua kwenye kihariri cha Neovim, kazi inaenda vizuri. Unafungua ya Markdown, dirisha linatoweka na teminali inabaki na maneno "Segmentation fault". Faili za aina moja tu ndizo zinazoua programu, nyingine hazina shida. Nikiona hivyo, wa kwanza kumshuku ni kichanganuzi sintaksia, yaani kipande cha programu kinachosoma muundo wa lugha ya faili. Wengi hukimbilia kufuta mipangilio yao yote, na inauma kuona kazi ya miaka ikitupwa kwa kosa lisilo lake.

Tree-sitter, zana ya kutengeneza vichanganuzi hivyo, iliyoanzishwa na Max Brunsfeld kwa ajili ya kihariri cha Atom, hugeuza sarufi ya kila lugha kuwa msimbo wa C. Msimbo huo hukompailiwa kuwa faili kama markdown.so, na kihariri huipakia ndani ya mchakato wake chenyewe. Hakuna ukuta kati yao. Kichanganuzi kikigusa kumbukumbu isiyo yake, mfumo endeshi huua mchakato mzima, pamoja na maandishi ambayo hujayahifadhi.

Kila kichanganuzi hubeba nambari ya ABI, yaani toleo la mpangilio unaokiunganisha na maktaba ya Tree-sitter: 13, 14, na sasa 15. Isipolingana na maktaba, kihariri hukataa kukipakia na kukupa ujumbe. Kwenye Emacs, kihariri kingine, kuanzia toleo la 29, nambari ya maktaba utaipata kwa (treesit-library-abi-version). Kanuni za kupaka rangi zikiwa za toleo jingine la sarufi, Neovim hulalamika "Invalid node type". Haya yote yanasumbua, lakini kihariri kinabaki hai.

Kinachoua ni kile ambacho nambari hiyo haikioni. Lugha kama Python na Markdown zina skana (kipande cha kichanganuzi) iliyoandikwa kwa mkono, kwa mambo kama ujongezaji wa mistari. Hali ya skana huhifadhiwa kwenye nafasi ya baiti 1024. Ikiandika kupita hapo, inaharibu kumbukumbu ya jirani. ABI inaweza kulingana kabisa na skana bado ikawa mbovu.

Chanzo kingine hakizungumzwi vya kutosha: kusasisha vichanganuzi huku kihariri kikiwa wazi kwenye dirisha jingine. Kwenye Linux, ukinakili faili mpya juu ya .so ya zamani kwa cp, unabadilisha faili ileile ambayo mchakato unaitumia muda huo. Msimbo unageuka ukiwa unatekelezwa. Funga vihariri vyote kwanza, au weka faili mpya pembeni kisha uihamishe kwa mv. Mchakato wa zamani utaendelea na nakala yake salama.

Kabla ya kurekebisha chochote, jua ni faili ipi hasa inayopakiwa:

:echo nvim_get_runtime_file('parser/markdown.so', v:true)

Njia mbili zikitokea, una nakala mbili: mara nyingi moja imekuja na Neovim, nyingine imeletwa na plagini. Ya kwanza kwenye orodha ndiyo inayotumika, hata kama ni kuukuu. Jaribu pia nvim --clean, inayofungua Neovim bila mipangilio wala saraka zako. Usitegemee -u NONE, maana hiyo huacha saraka zako kwenye njia ya kutafutia. Watumiaji wa Emacs nao wajue kuwa emacs -Q bado hutazama ~/.emacs.d/tree-sitter, kwa hiyo jaribio hilo peke yake halikiondolei kichanganuzi lawama.

Ushahidi wenyewe uko kwenye mabaki ya mchakato, yaani nakala ya kumbukumbu yake iliyohifadhiwa ulipokufa. Kwenye Linux yenye systemd, andika coredumpctl gdb nvim, kisha bt, inayoorodhesha kazi zilizokuwa zikitekelezwa wakati huo. Ukikuta jina kama tree_sitter_markdown_external_scanner_deserialize karibu na juu ya orodha, umempata mhusika. Futa nakala ya ziada, kompaili upya sarufi hiyo kwenye mashine yako, na usasishe kanuni za rangi pamoja nayo, siyo kimoja kimoja.

Ikiendelea kuanguka, kata faili inayoiangusha nusu kwa nusu mpaka ibaki mistari michache. Mistari hiyo pamoja na matokeo ya bt yapeleke kwa watunzaji wa sarufi ya lugha hiyo, siyo kwa watunzaji wa kihariri, kwani skana wanaitunza wao.